Risasi za Baba Nilizozifua

Wenzangu, hili sikuwaambia mapema kwa sababu naijua midomo yenu, mtanicheka mpaka kaburini, lakini aibu ikikaa sana huchacha, basi chekeni tumalize.

Kafili wangu kule Riyadh, tajiri niliyemfanyia kazi za nyumbani, namwita baba (baba gani, ningemzaa na chenji ikabaki), alikuwa aninyima kitu kimoja tu, ruhusa ya kutoka nije Mombasa kwenye harusi ya mjukuu wangu. Kila nikimuuliza avuta pua, "Inshallah mama, bukra," na bukra yao, kesho isiyofika, nyie mwaijua. Siku hiyo tukitoka sokoni akanipitisha duka la bunduki, ana bastola yake ile ya gurudumu, na leseni anayo, ataka risasi za mazoezi maana shemejiye wa Jeddah amemwalika klabu washindane kulenga. Muuzaji akamtolea zinazong'aa kama meno ya bwana harusi, baba kusikia bei akameza mate, na mie kwa kiherehere changu nkamwambia, baba, za kutoboa karatasi zing'ae za nini, twaa zile za kule chini zenye vumbi, hizo atakuachia rahisi. Akazitwaa. Garini akasema zikifanya kazi vizuri, tukirudi tu kutoka Jeddah anitolea ruhusa.

Kuziangalia nyumbani, zina grisi, zina ukungu wa kijani, nkaona haya, uchafu ule utokee mbele ya shemeji na mie ndiye niliyezichagua? Nkazitia karaini, maji moto, sabuni ya nguo, na ile dawa ya kulainisha yenye harufu ya waridi, nkaziloweka kama maharagwe mpaka asubuhi, nkazianika darini. Baba kuziona zilivyotakata akasema mashallah (hakuuliza, na mie sikusema).

Jeddah sasa, nimepelekwa niwatilie kahawa. Shemeji akapiga zake, karatasi ikawa chujio. Baba naye akapanua miguu, akafumba jicho, tik. Tena, tik. Gurudumu likazunguka lote, tik tupu, kama jiko la gesi lililoisha. Msimamizi, Msudani mrefu, akamtoa bastola mkononi taratibu, akachomoa risasi moja, akainusa, akainusa tena.

"Ya akhi," akasema kwa sauti yake ya mtungini, "hii yanukia waridi."

Wote wakanigeukia mie na birika langu. Nkasema, nilizifua.

Shemeji akaketi chini kabisa, machozi yamtoka, "Na pasi je, alizipiga?"

Njia nzima kurudi Riyadh, mie harusi ya mjukuu nimeshaizika moyoni. Tulipofika akatoa simu, akabonyeza, akabonyeza, akanionyesha ruhusa ile pale.

"Nenda, mama," akasema. "Nenda upesi, kabla hujaifua na bastola."

Nkaja, nkacheza harusi mpaka viatu vikafunguka. Lakini tangu siku hiyo, kitu cha mtu nisichokijua, kikija na uchafu wake, kitaondoka na uchafu wake.