Beji Iliyokaa Kombo

Harufu ya thina ndiyo iliyonirudisha utotoni. Juzi nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki pale Witeithie nikingoja gari langu lioshwe, na kando yangu kijana mmoja alikuwa akitoa beji za gari la mwenzake. Siku hizi vijana hawataki gari lijitaje jina; wanasema likiwa halina maandishi ndipo linapendeza. Alilimwagia maji moto nyuma, akapitisha uzi wa nailoni chini ya herufi, akawa anauvuta huku na huku kama mtu anayekata sabuni ya mche. Herufi zikamdondokea mkononi moja baada ya nyingine. Kisha akachovya kitambaa kwenye thina ya kuyeyushia rangi, akasugua gundi iliyobaki, na ile harufu kali inayopanda puani hadi nyuma ya macho ikanifikia. Herufi zilikuwa zimetoka, lakini jina la gari bado lilisomeka vizuri tu, kwa rangi nzito kuliko gari lenyewe.

"Na hii haitoki?" mwenye gari akauliza, hasira zimeanza kumpanda.

"Hiyo ni kivuli, buda. Jua ndio imekula hiyo ingine yote."

Nilicheka peke yangu hadi watu wakageuka kunitazama. Ninyi acheni niwaambie sababu.

Nilikulia Ngoingwa, Thika, na miaka ninayoikumbuka ni ile ambayo barabara kubwa ya kwenda Nairobi ilikuwa ikipanuliwa, vumbi jekundu likituingilia hadi ndani ya bakuli la sukari. Baba alikuwa msimamizi wa stoo katika kiwanda kimoja cha mjini. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mimi nilikuwa mtoto wao wa pekee, na kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, Baba aliniita Maitu, yaani mama yangu, hata aliponichapa.

Gari letu lilikuwa stesheni wagoni la bluu. Tuseme lilikuwa bluu kwenye karatasi za bima, maana jua lilikuwa limelifua hadi likafanana na ovaroli kuukuu. Baba alilipenda kupita kiasi. "Gari ni kama mswaki," alipenda kusema, "haliazimwi." Mama alikuwa amesomea udereva na kupita mtihani, lakini leseni yake ilikaa ndani ya Biblia, kwani hapakuwa na mahali pengine pa kuitumia.

Baba alikuwa na vituko vyake, na mimi niliviamini vyote. Kila jioni nilimsomea gazeti, "ndio Kiswahili chako kinyooke, Maitu." Alimimina chai hadi ikafurika kwenye sahani, akalalamika kwamba vikombe vya siku hizi ni vidogo. Alipokuwa akiendesha, akajikuta uso kwa uso na mapipa ya wajenzi au akatupandisha ukingoni mwa lami, alipiga usukani kwa kiganja: "Hawa watu wanahamisha barabara kila usiku!" Nami kule nyuma niliwachukia kwelikweli hao watu wasiolala.

Basi Julai moja kiwanda kilimtuma Baba Eldoret kupanga stoo mpya. Aliacha ufunguo wa gari kwenye msumari karibu na mlango. Mama aliupita ule ufunguo akienda jikoni, akaupita akirudi, na siku moja ya Jumamosi hakuupita tena. Aliutwaa, akafungua Biblia, akatoa leseni, akaniambia nivae sweta.

Tulienda hadi kwa Cucu, nyanya yangu, kule Mugutha, tukarudi salama. Mama aliimba njia nzima. Kama tungefika wakati hakuna mtu nje, nadhani nisingekuwa na hadithi, lakini jirani yetu alikuwa akianika nguo, na Mama akamtazama yeye badala ya kutazama geti, kuhakikisha kwamba ameonekana. Mlango wa mbele wa kushoto ukajisugua kwenye nguzo kwa sauti ya sufuria ikiburutwa kwenye simiti. Wimbo ukaishia hapo.

Hatungeweza kwenda kwa fundi yeyote wa Thika, maana wote walimjua Baba. Mama akatafuta wa Ruiru, kijana aliyeitwa Njoro, aliyekuwa na banda la mabati na maneno matamu.

"Mathe, usijali," alisema akiupapasa mlango. "Hii tutaitengeneza hadi mzee asijue kuliguswa."

"Na rangi? Hii rangi utaipata wapi?"

"Tutoe hiyo beji ya nyuma. Chini yake ndio rangi ya ukweli iko. Jua haijawahi iona."

Akaleta maji moto kwenye birika na uzi wa kuvulia samaki. Beji ikatoka. Palibaki umbo lake la bluu nzito, yenye kung'aa, kama wino uliomwagika sasa hivi. Mama aliigusa kwa kidole. "Kumbe tunatembea na gari zuri hivi," alisema taratibu, "na hatujui."

Njoro akapiga msasa, akajaza fila kwenye mikwaruzo, akachanganya rangi na thina mpaka ikawa sawasawa na ile ya chini ya beji, akapuliza. Siku tulipochukua gari mawingu yalikuwa yametanda kama kawaida ya Julai, na ndani ya lile banda lenye giza kila kitu kilionekana sawa. Mama aliifunga beji kwenye gazeti akisema ataibandika mwenyewe nyumbani. Kesho yake jua likatoka. Nguo za jirani zilikauka, na gari letu likasimama uani likiwa na mwili wa ovaroli na mlango mmoja wa bluu uliopiga kelele hadi barabarani. Mama aliketi kwenye ngazi, akafunika uso kwa leso.

"Akirudi ataniua," akasema. Nilimwamini, nikaanza kufikiria nitaishi na nani.

Baba alirudi kabla hatujapata la kufanya. Mama alikuwa amepanga kumwambia baada ya chakula, kwa kuwa mtu hapewi habari mbaya akiwa na njaa, lakini Baba hakuingia hata ndani. Aliweka begi chini, akalizunguka gari lake, mkono ukiteleza juu ya bati kama mtu anayempapasa ng'ombe wake. Bonneti. Taa. Akafika kwenye ule mlango. Jua lilikuwa linauwakia. Mkono wake ukapita juu yake, ukaendelea.

"Mmeliosha vizuri," alisema.

Mama alikimbilia jikoni. Nilimfuata nikamkuta amejiziba mdomo kwa aproni akicheka hadi mabega yakitikisika, nami nikacheka naye. Tulikuwa tumepona! Mungu alikuwa amemfumba Baba macho kwa ajili yetu.

Sauti ikaja kutoka nje. "Mama Shiro! Na beji imeenda wapi?" Vidole vyake vilikuwa vimeikosa.

"Ilitoka nikiosha," Mama alijibu, akatoka na lile gazeti. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini siku hiyo yetu ilizidi kurefuka. Baba aliitisha gundi, nami nikapewa kazi ya kushika kifuniko. Lile umbo la bluu lilikuwa pale pale, wazi kabisa, likingoja. Mtoto wa chekechea angeweka beji mahali pake. Baba akainama, akapapasa, akasogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa bati, akabandika. Aliiweka juu zaidi, tena kombo, bluu ikachungulia chini yake kama shimizi iliyozidi rinda. Akarudi nyuma hatua, akaitazama.

"Sasa," alisema. "Imekaa vile ilikuwa."

Nilimgeukia Mama ili tucheke tena. Hakuwa anacheka. Aliitazama ile beji, kisha akamtazama Baba usoni, kwa muda mrefu, kama anavyomtazama mwanafunzi aliyejibu swali ambalo hakuulizwa.

"Imekaa sawa, Baba Shiro?" akauliza.

"Sawa kabisa."

"Haya. Njoo ule."

Msiulize kwa nini hakusema kitu usiku ule. Mimi nililala nikiwa na furaha yangu ya kijinga. Asubuhi nilimkuta Mama amesimama uani akiutazama ule mlango, na asubuhi iliyofuata vilevile. Jumapili tulipokuwa tukienda kwa Cucu, Baba alinyoosha mkono kwenye msumari akakuta hakuna ufunguo. Mama alikuwa ameshaketi kwenye usukani.

"Mama Shiro, mchezo gani huu?"

"Leo naendesha mimi."

"Wewe? Ulianza lini kuendesha?"

"Na wewe uliacha lini kuona?"

Nilishika mlango nikingoja kelele. Hazikuja. Baba alisimama pale na suti yake ya kanisani. Kisha akazunguka mbele ya gari, mkono kwenye bonneti, akaufungua ule mlango wa bluu, akaketi. Sikuwa nimewahi kumwona ameketi upande ule. Alionekana mdogo.

Tulipita Witeithie. Mahali fulani kabla ya Juja, Baba akasema kwa sauti ya chini, "Punguza. Kuna shimo." Hapakuwa na shimo, kulikuwa na kivuli cha mti tu. Mama akapunguza mwendo hata hivyo, tukakivuka kile kivuli polepole, halafu akaegesha gari kando ya barabara, akazima injini.

"Ni ile ya baba," Baba alisema. "Imenifikia."

Babu yangu alipofuka akiwa bado na nguvu zake, akamaliza maisha yake akivutwa kwa fimbo, na aliyemvuta kwa fimbo hiyo alikuwa Baba, akiwa mtoto. Alikuwa ameapa hatavutwa na mtu. Tangu ukungu uanze kumwingia machoni hakumwambia mtu, wala hakwenda kwa daktari, kwa sababu alidhani anajua daktari atasema nini. Stoo aliiendesha kwa kukariri mahali pa kila kitu. Na mimi, ambaye alikuwa akinipa gazeti nimsomee, nilikuwa nimeshaanza kumvuta bila kujua.

Mama alipiga usukani kwa kiganja, kama vile Baba alivyozoea kufanya. "Mficha maradhi kilio humfichua! Na huyu mtoto huko nyuma? Ungetupeleka kwa mapipa ukisema wamehamisha barabara?" Kisha akamshika mkono. Nilitazama dirishani, maana sikuwa nimezoea kuwaona hivyo.

Kesho yake kwenye hospitali ya macho walimchunguza asubuhi nzima. Sisi tuliketi kwenye benchi, Mama akiwa na Biblia asiyoifungua. Daktari alipotoka hakuwa na uso wa msiba. Alisema si ugonjwa wa Babu hata kidogo. Ni mtoto wa jicho tu, ule unaotolewa, na mtu akaenda nyumbani kwake akiona. Baba alimwomba arudie. Daktari akarudia. Baba akasema, "Sema tena, tafadhali, huyu bibi yangu husikia polepole," na Mama, asiyekuwa na shida yoyote ya masikio, akakubali kwa kichwa huku machozi yakimtiririka.

Walimtengeneza jicho la kwanza wiki hiyohiyo. Siku walipoondoa bandeji, tulitembea naye hadi mahali gari lilipoegeshwa. Alikuwa akitazama kila kitu: kucha zake, kola ya nesi, mchanga. Mama alitangulia na ufunguo. Baba akazunguka hadi upande wake mpya, akanyoosha mkono kwenye kishikio, na mkono ukasimama hewani.

"Haiya!" alisema. "Nani amepaka huu mlango?"

Mama alishika paa la gari. "Mama Shiro, nani amepaka huu mlango? Hata kipofu angejua hii si rangi ya hii gari!"

Hapo Mama alianza kulia. Si machozi ya benchi. Huku kulikuwa kulia kwa sauti, ameegemea paa la gari mbele ya askari wa lango na watu wote. "Ni mimi," alisema. "Niligonga geti. Ni mimi."

Baba alizunguka nyuma akilalamika. "Na hii beji! Ni mjinga gani ameiweka hivi?" Nilifungua mdomo nimweleze, na Mama, bado akilia, akanifinya.

Moyo wangu ulivunjika kwa ajili yake. Amepatikana, niliwaza, na baada ya kutoroka vizuri vile. Ilinichukua miaka, hadi nami nikapata mtu wa kumwogopea, kuelewa kwamba mama yangu alikuwa ameupita ule mlango kila asubuhi akiomba agombezwe, na kwamba kila asubuhi iliyopita bila ugomvi ilimwambia jambo asilotaka kusikia. Wakati ule nilielewa tu kwamba Baba hakunyamaza kutoka hospitali hadi Ngoingwa. Aligomba kuhusu mlango, kuhusu beji, kuhusu vumbi kwenye dashibodi, kuhusu kifungo kilichokosekana kwenye sweta yangu. Kila alipoishiwa na maneno, Mama alipangusa macho kwa mgongo wa mkono, bila kuondoa mwingine kwenye usukani.

"Endelea, Baba Shiro," alimwambia. "Umeona nini kingine?"