Nilipoigiza Maisha ya Mnyapara

Nakumbuka siku tuliyomwomboleza mnyapara Mwakisyala, mwanangu, kwa sababu siku hiyo niliogopa kuliko siku yoyote ya vita. Umeniandikia kwamba unatengeneza filamu ya maisha ya mtu asiyependwa, na hujui umwonyeshe vipi. Mimi sinema nimeiona mara mbili tu. Shule nilikaa miezi mitatu, mengine nimejifundisha mwenyewe, wala sioni aibu kusema. Lakini mtu mbaya nimewahi kumwigiza mbele ya watu waliomjua.

Ilikuwa vita ya Mjerumani na Mwingereza. Mwakisyala alizunguka Kyela yote akikamata vijana wa kubeba mizigo ya jeshi. Kaka yangu Asajile akajificha kwenye matete ya ziwa, akingoja mtumbwi wa Wakisi, wavuvi wa ziwani, umvushe ng'ambo. Asubuhi moja Mwakisyala akaja kwetu bila kiboko. Mama alikuwa mtoni, nyumbani nilikuwepo mimi tu. Akakaa mkekani, akala ndizi nilizompa, akanisalimu kama tunavyosalimiana sisi, kwa kuuliza habari za mmoja mmoja: baba, mama, shangazi, hata ng'ombe. Nami nililelewa vizuri. Mkubwa akikuuliza, hupaswi kujibu nusu. Alipofika kwa Asajile nikasema yuko kwenye matete karibu na mto unapoingia ziwani, hajambo.

"Ndaga, mwanangu," akashukuru, akanawa mikono, akaondoka.

Asajile hakurudi tena. Na mimi sikumwambia mtu.

Mwaka uliofuata homa ikamwua Mwakisyala. Msiba wetu wakati huo ulikuwa na ngoma, na katikati ya ngoma mtu hodari wa kuigiza alionyesha marehemu alivyoishi. Hodari nilikuwa mimi, hilo hakuna aliyebisha. Ndugu zake wakanipa kazi hiyo. Nikimpamba, mama yangu amekaa pale anatazama. Nikimwonyesha alivyokuwa, lazima nifike mkekani kwetu, na watu watauliza ni nani aliyemjibu.

Nikachagua njia ya woga. Nikajifunga majani makavu ya mgomba, nikanguruma, nikachapa fimbo hewani. Nilimfanya fisi. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee mmoja akasema marehemu mwenyewe angemwona huyu angekimbilia ng'ambo ya mto Songwe. Mjane akajifunika uso.

Mama hakucheka. Akanijia pale uwanjani.

"Huyu simjui," akasema. "Aliyemchukua mwanangu alikuwa mpole. Alikula ndizi zangu, nilikuta maganda. Mwigize huyo." Kisha akashusha sauti. "Na aliyempa ndizi, mwigize pia. Nimengoja mwaka mzima."

Kumbe alijua. Nikavua majani yale. Nikakaa chini, nikasalimia taratibu, nikauliza habari za baba, za mama, za shangazi. Watu wakaanza kunyamaza, maana wengi walikuwa wamesalimiwa hivyo hivyo. Halafu nikahamia upande wa pili, nikakaa mahali pangu mwenyewe, nikajibu: yuko kwenye matete, hajambo. Mjane akafunua uso, akasema ndiyo, hivyo hasa ndivyo alivyokuwa akiongea na watoto wake.

Mama hakunikumbatia. Jioni alinipakulia chakula kama kawaida, lakini tangu hapo alilitaja jina la Asajile mbele yangu. Mwaka mzima alikuwa hajalitaja.

Basi, mwanangu, usimfanye mtu wako fisi. Fisi hufukuzwa kwa mawe, na kila aliyerusha jiwe anarudi nyumbani akijiona mwema. Mwonyeshe akisalimia, akila, akicheka na watoto. Wala usimsamehe kwa niaba ya aliowaumiza. Hiyo si kazi yako, na hawajakutuma. Nenda kwanza kwa waliolia, ukae, uwasikilize mpaka wachoke wao. Na ukikuta sisi wa ukoo wako tulimsaidia, tuweke humo na nyuso zetu. Utaogopa. Ogopa, lakini usiache.

Kyala, Mungu wetu, akupe moyo wa kukaa mahali pako na kujibu. Akulinde na sifa za haraka, na wanaokupenda waendelee kukupenda hata baada ya kuiona kazi yako.