Ombi la Kamba na Mbuzi wa Kigombe

Manase Shemweta alipiga taipu kwa vidole sita. Vile vinne vilivyobaki, alikuwa akisema, vilikuwa vya kumshukuru Mungu.

Nilimfahamu tangu shule ya misheni, na miaka ya hamsini tukakutana tena katika kituo kidogo cha utafiti wa kamba, kando ya barabara iendayo Pangani. Mimi nilitunza bohari. Yeye alikuwa karani wa Daktari Halsey, Mwingereza mrefu, mpole, aliyesahau kofia yake kila alipokwenda. Baba yake Manase aliteremka kutoka milima ya Usambara kuja kukata mkonge, na Manase mwenyewe alikulia kambini, akaijua harufu ya majani ya mkonge yaliyopondwa kabla hajazijua herufi.

Kazi ya kituo ilikuwa moja tu: kutafuta dawa ya kuifanya kamba ya katani isioze majini. Daktari alichemsha kamba katika maji ya shaba yenye rangi ya kijani, akazianika, akaziloweka, akazianika tena. Sisi tulimheshimu sana, ingawa watu wa barabarani waliamini kwamba anapika.

Mwanzoni mwa mwaka 1953 zikaja habari kwamba fedha za kilimo zilizotuendesha zingekoma mwishoni mwa Juni. Ulibaki mlango mmoja. Serikali ilikuwa na fungu la ulinzi, na kamati yake iliyoketi Nairobi ilipokea maombi ya utafiti kutoka kwa yeyote awezaye kuonyesha kwamba kazi yake ingewafaa askari. Ombi letu likikubaliwa, tungeendelea miaka mitatu. Likikataliwa, kituo kingefungwa, na Manase, aliyekuwa amemwoa Bertha mwaka uliotangulia na sasa akimngojea mtoto wa kwanza, angerudi kambini kushika panga la baba yake.

Basi likaanza kuandikwa ombi. Daktari aliandika kwa mkono, herufi zake zikilala kama nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe, na Manase akapiga taipu. Kamati ilitaka nakala saba. Maana yake, karatasi saba zilipangwa pamoja na kaboni katikati, na herufi moja ikikosewa, ilifutwa mara saba kwa raba, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto machozi. Juma zima tuliusikia mlio wa taipu ukienda, ukinyamaza, kisha tukimsikia Manase akivuta pumzi.

Siku ya sita aliiacha taipu katikati ya ukurasa. Kisha akainuka, akagonga mlango wa Daktari. Nilikuwa hapo nikipeleka mafuta ya taa, nami nikasikia yote.

"Daktari, niwie radhi. Kurasa tisa tumeeleza habari za kuvu wanaokula kamba. Askari tumempa mistari mitatu."

"Kuvu ndio sayansi yenyewe, Manase."

"Ndiyo, bwana. Lakini kuvu hawakai kwenye kamati."

Daktari alicheka hata akaivua miwani yake. "Haya, wewe ungeandika nini?"

Manase akamsimulia habari za mjomba wake, Luka, aliyepelekwa Burma wakati wa vita. Mvua ya huko haikujua kupumzika. Walikuwa wakivuka mto kwa kushika kamba iliyofungwa ng'ambo hadi ng'ambo, kamba ambayo kwa macho ilikuwa nzima, kumbe ndani imekwisha. Ilikatika katikati ya mto. Nyumbu watatu walichukuliwa na maji pamoja na shehena ya chakula, na Luka aliponea kwenye mkia wa nyumbu wa nne. Mpaka uzeeni Luka hakukubali mtu amseme vibaya nyumbu.

 Daktari alisogeza kiti chake, akamwambia Manase aketi hapo, aandike maneno hayo kama alivyoyasema. Yakawa ukurasa mzima chini ya kichwa cha habari "Manufaa kwa Ulinzi". Ili ukurasa huo upate nafasi, kurasa mbili za kuvu ziliondolewa, na Daktari aliziaga kama mtu anayesindikiza wageni wa kwao.

Majibu yalirudi baada ya majuma manne. Kamati ilikuwa imependezwa, lakini haikutoa kitu kwa kusoma tu. Afisa mmoja, Meja Prior, angekuja kuliona jaribio lenyewe baharini. Akiridhika, angelitia sahihi ombi letu.

Jaribio hilo lilikuwa katika kijiji cha pwani cha Kigombe, kwenye uzio wa kuvulia samaki wa mvuvi mmoja, Mzee Kombo. Kwenye nguzo zake za mikoko tulikuwa tumefunga vipande arobaini na vinane vya kamba, kila kimoja kikiwa na kibati chenye namba: nusu vimetiwa dawa, nusu havikutiwa, vikikaa jozi jozi. Vilikuwa vimekaa majini miezi kumi na mmoja. Vile visivyotiwa dawa vilikuwa vimeoza vizuri kabisa, na furaha yetu ilikuwa hiyo, kwa kuwa ile mbovu ndiyo ushahidi wa ile nzima.

Manase akamwandikia Mzee Kombo barua ya adabu: mgeni mkubwa wa serikali atafika Jumanne kutazama kamba, tafadhali kila kitu kiwe tayari.

Jumanne ilikuwa siku ya bamvua. Saa nne asubuhi maji yalikuwa yamekupwa mbali, nasi tukatembea juu ya mchanga mgumu hadi kwenye uzio, Meja mbele, suruali ameikunja magotini. Mzee Kombo alitungoja huko amevaa kanzu yake ya Ijumaa.

"Shikamoo, Mzee Kombo."

"Marahaba, wanangu. Karibuni, karibuni. Mambo yote tayari."

Meja alishika kamba ya kijani, akaivuta kwa nguvu. Nzima. Akaishika jirani yake, ile isiyotiwa dawa, akaivuta. Nzima. Akaenda nguzo ya pili, na ya tatu. Kamba zote ziling'aa kama meno ya mtoto.

"Daktari," alisema, "hii isiyo na dawa ni imara kuliko ile yenye dawa."

Daktari alibadilika rangi. Manase aliinama kutafuta kibati, asikione. Akamgeukia Mzee Kombo.

"Mzee wangu, hizi ndizo kamba zetu?"

"Zenu zilikuwa zimeoza!" akajibu Mzee Kombo, uso ukimng'aa. "Jana nimezitoa zote mbovu, nikatia kamba zangu mpya nilizoziweka kwa ajili ya mashua. Mgeni atoke Nairobi, umwonyeshe uozo? Watu wa Kigombe tutaitwaje?"

Sitasahau uso wa Manase wakati ule. Angeweza kumlaumu mzee. Badala yake alisimama mbele ya Meja, maji yakimfika vifundoni, akamtafsiria maneno ya mzee kwa Kiingereza cha misheni, kila neno mahali pake, kisha akaongeza:

"Bwana Meja, kosa ni langu. Nilimwandikia kwamba kila kitu kiwe tayari. Kwa mzee huyu, nyumba iliyo tayari kwa mgeni haina kitu kibovu ndani yake. Nilipaswa kulijua hilo, maana hata mama yangu angefanya vivyo hivyo."

Meja alimtazama, akamtazama Mzee Kombo na kanzu yake. "Na zile mbovu ziko wapi?"

Manase alipotafsiri, Mzee Kombo alikuwa ameanza kufahamu kwamba jambo limekwenda upande. "Aliondoka nazo mke wangu," akasema kwa unyonge.

Tulirudi pwani kwa haraka kidogo kuliko tulivyokwenda. Uani kwa Mzee Kombo tukamkuta Bi Mwanasiti, mkewe, ameshika mbuzi kwa pembe, kanga imemteremka begani, naye amekasirika kweli kweli. Hakungoja shikamoo zetu.

"Ni nyie wenye kamba? Kamba gani hizi za serikali! Mbuzi wangu kanikatia tatu tangu alfajiri! Kaingia kwa jirani, kala mchicha wote, nami nimetukanwa na mtu ambaye harusi yake nilipika!"

"Mama, ulizitupa zile nyingine?" Manase akauliza.

"Nitupe? Zina vibati vyenye namba! Mimi nitupe kitu cha serikali kilichohesabiwa?" Akaonyesha kwa kidevu. Kwenye ukuta wa makuti zilining'inia kamba mbovu, zimepangwa, vibati vikimeremeta. Na chini, miguuni pa mbuzi, vilikuwa vipande vya zile tatu, navyo vina vibati vyao.

Manase alizihesabu zote, namba kwa namba, kwa daftari lake. Ishirini na nne. Meja alichukua moja ukutani, akaivuta, ikakatika kama tambi. Bi Mwanasiti akaona anachelewa, akakata mbili yeye mwenyewe, akamwambia mumewe, "Na wewe ukazionea haya!" Kisha wavuvi wanne wakaitwa, wakavuta pamoja na Meja kamba moja ya kijani tuliyoileta kutoka kwenye uzio, hata mikono ikawateleza, wote wakaanguka chali mchangani, kamba ikiwa nzima.

Meja alijipangusa mchanga, akatoa kidaftari. "Mama alisema nini hasa kuhusu mbuzi?"

Manase akatafsiri yote, isipokuwa habari za harusi.

Tulikula wali na samaki siku ile, na juma lililofuata nikampelekea Mzee Kombo kamba mpya kutoka bohari badala ya zake. Manase akapiga taipu nyongeza ya ombi, nakala saba, na ndani yake, kwa agizo la Meja mwenyewe, kulikuwa na sentensi hii: kamba isiyotiwa dawa, baada ya miezi kumi na mmoja baharini, ilishindwa mara tatu kumzuia mbuzi mmoja.

Katikati ya Juni ikafika bahasha ya Nairobi. Daktari aliifungua, akaisoma, akampa Manase. Miaka mitatu. Chini kabisa, kwa wino, mtu alikuwa ameongeza kwamba kamati nzima inampelekea mbuzi wa Kigombe salamu.

Manase alipanda baiskeli kutoka kwa Bertha, aliyekuwa amejifungua mtoto wa kike siku nne nyuma, akaenda hadi Kigombe kupeleka salamu hizo kwa mdomo wake, kama inavyopasa. Bi Mwanasiti alimsikiliza hadi mwisho, mikono kiunoni.

"Waambie zimefika," akasema, "nazipokea mimi. Yeye tulimla Idi."