Taulo Mdomoni

Kila taulo la moto alilolitoa kwenye beseni, kinyozi alilikamua, akaligusisha mdomoni mwake kwanza, ndipo akamfunika mteja uso. Mazoea hayo yalimpa jina la Busu.

"Leo Busu kaamka na mahaba," dereva wa lori, mteja wake wa kila Jumamosi, alipenda kumchokoza. "Usiyamalize yote kwa taulo, mama watoto atakula nini?"

Watu wakaangua kicheko. Binti wa kinyozi, aliyekuwa akisuka nywele upande wa pili wa pazia, naye akacheka. Baba alitabasamu tu, akachovya taulo jingine.

Binti alijua kwamba kilima kiliiporomokea nyumba yao yeye akiwa angali tumboni, na kwamba baba alifukuliwa mzima, mikono yake imebanwa chini ya boriti. Mifupa iliunga, Mungu mkubwa, yakaisha. Ndivyo hadithi ilivyosimuliwa nyumbani. Kwamba vidole vilibaki na ganzi, hilo baba alilimeza. Nani angempa shingo yake mtu asiyeusikia wembe alioushika?

Siku moja tu aliyaacha mazoea yake. Midomo ilikuwa imempasuka kwa homa, akaona haya kugusisha taulo la mtu kwenye vidonda. Akalitandaza moja kwa moja usoni kwa dereva.

Dereva aliruka kitini kwa yowe. "Unanichemsha kama kiazi, Busu! Hiyo mikono au mbao?"

Binti alifunua pazia. Shavu la dereva lilikuwa linavimba. Baba alikuwa ameshika taulo la pili, mvuke ukifuka katikati ya vidole vilivyobabuka, ametulia kama mtu aliyeshika gazeti.

"Baba, tupa! Unaungua!"

Alijitazama mikono, akaificha nyuma, kama mtoto aliyefumaniwa kwenye kopo la sukari. "Maji yamezidi moto leo. Nisamehe, ndugu yangu," akamwambia dereva. Hakuthubutu kumtazama binti yake.

Utotoni, wakivuka barabara, baba hakuwahi kumshika mkono. "Shika shati," alikuwa akimwambia, naye akakua akiamini kwamba baba yake ni mgumu wa mapenzi. Sasa kile kicheko cha nyuma ya pazia kilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Jumamosi iliyofuata dereva alirudi, akakaa kitini bila utani wowote, na hilo lilimuumiza baba kuliko tusi. Tangu hapo, maji yakichemka, binti alivuka pazia, akalipima taulo kwa mkono wake, akampa. Baba alilipokea akitazama ukutani, kisha bado akaligusisha mdomoni. Hawakuwahi kulizungumza. Kila mmoja alimwonea mwenzake haya, na miaka ikapita hivyo.

Mwishowe figo za baba zilichoka. Daktari alisema ziliumia tangu siku ile chini ya udongo. Wodini, binti aliketi kando ya kitanda, akauchukua mkono wa baba na kuushika kwa mikono yake yote miwili.

Baba alikuwa amefumba macho. "Binti yangu amefika?"

"Nipo, baba. Si nimekushika mkono?"

Chozi likamtoka baba pembeni mwa jicho.

"Huko sisikii, mwanangu. Sikusikia tangu zamani. Nishike shavu."