Injinia Chini ya Daraja

Harufu ya saruji mbichi hapa ughaibuni, Sharpstown, wanapojenga barabara ya juu, hunirudisha mtoni kwetu. Shule sikumaliza, malori ninayo matatu, lakini jambo moja la utotoni bado silielewi.

Injinia wa daraja letu alikuwa mama wa Kihindi, sari na buti za mpira. Siku ya kulijaribu daraja, baba alishika usukani wa lori lililojaa mawe. Yule mama akateremka, akaketi chini ya daraja.

"Mama injinia, toka huko!" baba akapaza sauti.

"Likianguka, nitakuwa wa kwanza kujua. Endesha!"

Mimi, ukingoni, nikafumba macho, nikaomba. Lori likavuka.

Yule mama akatoka akijikung'uta vumbi. "Umekwenda kama konokono. Rudia!"

Baba akacheka, akageuza lori. Mimi nililia. Nilikuwa nimemwombea yule mama, baba nikamsahau kabisa.