Sevo ya Tatu

Jumapili baada ya kanisa mwanamume wa Kisumu ana mambo mengi ya maana ya kufanya. Mimi na wenzangu watano tulichagua la maana kuliko yote: kupandisha magari ya kuchezea juu ya mawe ya kilima cha Riat. Sisi si watoto, tafadhali. Mmoja wetu ana duka la vyuma, mwingine ni wakili, mimi nafundisha hesabu sekondari. Tunasimama juani na rimoti mkononi, tukitazama gari lenye ukubwa wa kiatu likiparamia jiwe kwa mwendo wa kinyonga, na likipinduka tunasikitika kwa dhati.

Gari langu lilikuwa limegoma kukata kona. Ndani ya gari kama hilo mna sevo, mota ndogo kama kiberiti, inayogeuza magurudumu ya mbele. Kazi yake ni hiyo moja tu, na yangu ilishindwa nayo, maana gia zake za plastiki ziliisha meno kwa kusukumana na mawe. Nikaagiza tatu, kwa kuwa mimi ni mtu wa kujipanga.

Wiki hiyo baba alikuwa kwetu. Alitengeneza matrekta ya miwa kule Muhoroni miaka thelathini na kitu, mpaka mikono ilipoanza kutetemeka. Tangu hapo hakushika spana tena. Alikuwa amekuja kuonana na daktari, daktari akampa vidonge na pole, na sasa alishinda barazani akinywa chai kikombe nusu ili isimwagike. Hakulalamika. Alikuwa ameshajihesabu miongoni mwa vitu vilivyochakaa, na sisi, kwa upendo wetu mwingi, tulimsaidia kuamini hivyo. Hata pakiti ya maziwa hatukumwacha aifungue.

Jumamosi baada ya chakula nikatandaza vifaa vyangu mezani pale barazani. Nilikuwa nimetazama video nzima ya kufunga sevo, nikiwa nimezima sauti kwa sababu msemaji alinichosha. Nikaweka sevo mahali pake, nikachomeka kimkono chake cha kusukuma, nikakiunganisha na magurudumu, nikakaza skrubu, ndipo nikawasha. Sevo ikalia kama mbu, magurudumu yakapinda yote kushoto, ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua, ikafa.

“Umefunga kabla haijajua katikati ni wapi,” baba akasema.

Nikamweleza kwa upole, kama ninavyowaeleza wa kidato cha kwanza, kwamba hii si trekta, hii ni elektroniki. Kisha nikafunga ya pili vile vile, ila kwa nguvu zaidi. Digrii ni kitu kizuri sana. Inampa mtu ujasiri wa kurudia kosa lile lile. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi nilivunja sevo tu, na ya pili ilikufa upesi kuliko mwenzake.

“Sasa imebaki moja,” baba akasema. “Washa kwanza, ikiwa haijashika kitu. Wacha ijipeleke katikati yenyewe. Magurudumu uweke sawa. Halafu ndio ufunge mkono. Hata stelingi ya trekta ni hivo hivo.”

Nikawasha. Sevo ya tatu ikashtuka kidogo, ikatulia. Nikanyoosha magurudumu, nikachomeka kimkono. Ikabaki skrubu moja, ndogo kama punje ya mchele, na kwa hasira niliyokuwa nayo iliniponyoka mara tatu. Mara ya tatu baba aliinama akaiokota.

“Nishike hapa,” akasema, akininyooshea mkono wa kulia.

Nikamshika kifundo. Mtetemo wake ulipanda mkononi mwangu mpaka begani, na nikaogopa, kwa sababu sikuwahi kujua kwamba aliishi na kitu kama hicho mchana na usiku. Nikakaza. Akaitia skrubu tunduni, akazungusha bisibisi nusu, akapumzika, akazungusha tena.

“Washa.”

Magurudumu yakaenda kushoto, yakaenda kulia, yakarudi kati yakasimama sawa kabisa. Baba akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu augue. “Mama, kuja uone kitu,” akamwita mke wangu, na akamwonyesha mara nne.

Kesho yake akataka twende naye Riat. Tukamwekea kiti cha plastiki, na mbele yake gari likapanda jiwe ambalo lilikuwa limetushinda sote sita. Wenzangu wakalizunguka. Yule wa duka la vyuma, mtu asiyesifu kitu ambacho hakikutoka dukani kwake, akaligeuza chini juu akalichungulia.

“Hii imekaa poa kabisa. Nani alikufungia, bwana?”

“Ni mimi,” nikasema. Neno lilinitoka tu, kama kikohozi.

Akamgeukia baba. “Na wewe mzee, ulimsaidia huyu kijana yako?”

Baba alilitazama gari, kisha akanitazama mimi, bila hasira yoyote.

“Mimi nilimshikia tochi tu,” akasema.

Wakacheka, wakampa mkono. Hakukuwa na tochi. Tulikuwa tumekaa mchana kweupe, jua la Kisumu limejaa baraza nzima. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto, na bado sikufungua mdomo.