Ubani wa Mwalimu wa Kwaya

Dada yangu alifunga ndoa Osaka siku ya Ijumaa, na mimi, ndugu yake wa tumbo moja, nilikaa katikati ya wageni nikimwangalia mtu mwingine akipiga gitaa langu. Lilikuwa la kwaya yetu ya Sydney, iliyosafiri kuja kuimba, lakini tangu tuhamie Sydney hakuna mwingine aliyelishika. Nyimbo zetu za Kikongo zinabebwa na solo, yaani gitaa la kuongoza. Solo ikikosea, waimbaji wote wanayumba. Siku ile ilikosea kabla bibi harusi hajafika mbele, ikakosea tena alipofika, na dada yangu akageuka kunitafuta kwa macho. Nikainamisha kichwa.

Aliyeninyang'anya gitaa ni mwalimu wetu wa kwaya. Ilikuwa hivi. Kazini kwangu, kwenye ghala moja karibu na Port Botany, kuna mzee wa Kivietnam aliyenifundisha kazi nilipoanza. Alinifundisha kwa ishara, maana Kiingereza chake na changu vilikuwa vibovu kila kimoja kwa namna yake. Mke wake alipofariki nilikwenda kwenye mazishi. Yalifanyika katika hekalu lao. Nilipewa kijiti cha udi kama wengine, nikainama mbele ya picha ya marehemu, nikakichomeka kwenye mchanga. Mjukuu wa yule mzee aliweka picha mtandaoni, na picha ikatembea mpaka kwa mwalimu wa kwaya.

Alinipigia simu kwanza. Nikamweleza yote: msiba, mzee, mke wake. Akasema, "Sawa, kijana, nimekuelewa. Umpe pole." Jumapili iliyofuata, katika ukumbi wa shule tunaokodi kule Guildford, aliniita mbele ya watu wote, akainua simu yake juu, akasema nimeonekana nikiabudu sanamu. Neno msiba halikutoka kinywani mwake. Wazee wa kanisa wakaniuliza kama ni mimi kwenye picha. Nikasema ni mimi. Maneno huwa yananijia polepole, na yakifika watu wameshahamia jambo lingine. Wakaniweka nje ya kwaya mpaka waone nimebadilika. Juma lile lile gitaa likaenda kwa mpwa wa mwalimu, kijana anayelipiga kama mtu anayejikuna upele.

Harusi ilipokaribia, mama yangu alikwenda kumwomba mwalimu aniruhusu kwa siku ile moja tu. Akamjibu, "Mama, gitaa la Bwana haliguswi na mkono ulioshika udi wa masanamu." Mama alirudi nyumbani kwetu Doonside kwa treni, akavua viatu mlangoni, akanirudia maneno yale kama yalivyo, kisha akaingia jikoni. Nikayashika. Nilikwenda nayo kazini nikapanga maboksi nayo. Nilipanda nayo ndege. Sikutaka yanitoke, kwa sababu yalinipa nguvu ambayo sikuwa nayo kabla.

Shemeji yangu, yaani bwana harusi, anafanya kazi kwenye yadi ya magari yaliyotumika, yale yanayopelekwa Dar es Salaam na Mombasa. Bosi wake ni mzee wa Kijapani aliyezungumza na wateja wa Afrika Mashariki miaka mingi mpaka Kiswahili kikamganda. Alisema wageni wa mfanyakazi wake hawawezi kurudi Sydney bila kuona mji wa zamani. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi alikuja na basi dogo, akatupakia mimi, mama, mwalimu, mpwa wake na waimbaji wachache, akashika usukani mwenyewe.

"Leo Kyoto," alisema. "Hekalu nyingi sana. Sisi pole pole."

"Mzee, Kiswahili umejifunzia wapi?" mama akamuuliza.

"Kwa simu. Neno la kwanza nilijifunza ni 'punguza'. La pili, 'gari haiwaki'."

Basi zima likacheka, hata mimi. Mwalimu alicheka kwa muda mrefu kuliko wote, halafu akasimama kwenye ngazi za basi, akatugeukia kama anavyotugeukia kabla ya wimbo. "Ndugu zangu, sisi ni watalii. Tunaangalia kwa macho. Hakuna kugusa, hakuna kuinama." Akanitazama. "Kuna wenzetu ambao udhaifu wao tunaujua." Mpwa wake akachekea kwenye mkono.

Hekalu la kwanza lilikuwa mlimani, la mbao tupu, na kibaraza chake kimetokeza juu ya miti. Mlangoni tuliambiwa tuvue viatu.

"Mwalimu," akauliza mama mmoja wa sauti ya kwanza ambaye hawezi kukaa bila kuchokoza, "viatu tuvue, au itakuwa ibada?"

"Vueni. Huo ni usafi."

Katika hekalu la pili kulikuwa na birika la mawe lenye maji na vikombe vya mianzi vyenye mpini mrefu. Wenyeji walikuwa wananawa kabla ya kupita.

"Na hapa, Mwalimu?"

"Kunawa nako ni usafi," akasema, na tayari alikuwa amekunja mikono ya shati.

Katika hekalu la tatu kulikuwa na kengele kubwa kuliko gari, na gogo la kuigonga limening'inizwa kwa kamba. Watu walipanga foleni. Mwalimu alisimama pembeni, mikono nyuma. Kila ilipogongwa alitikisa kichwa kama mtu anayesikia mwimbaji akiimba nje ya sauti. Mwisho akaingia kwenye foleni.

"Kengele si sanamu," akatuambia. "Kengele ni muziki." Akavuta kamba kwa nguvu zake zote, akaachia. Mlio ulienda mpaka mabondeni. Akafumba macho akausikiliza mpaka ukaisha. "Ni fa," akasema. "Fa safi kabisa."

Nilikuwa naangalia tu. Nilikuwa nimeanza kuona kwamba mtu huyu hawezi kukaa mahali ambapo kuna jambo linafanyika bila yeye kuwa mbele.

Baada ya chakula cha mchana yule mzee alitupeleka kwenye hekalu dogo lisilo na watalii. Hapo hakufanya utani. Waimbaji walienda kuangalia samaki wa rangi kwenye bwawa, mama akakaa kwenye benchi kwa sababu ya magoti yake. Mimi nilibaki uani, nikijifanya nafunga kamba za viatu. Milango ya hekalu ilikuwa wazi, na nilisikia kila kitu.

"Mke wangu yuko hapa," mzee alimwambia mwalimu. "Majivu yake. Alipenda sana wageni wangu wa Afrika. Wewe ndiye mkubwa wao. Naomba umsalimie."

Mwalimu alitazama kulia, akatazama kushoto. Hakuniona, kwa sababu nilikuwa nimeinama. Akavua viatu, akaingia, akapiga magoti kwenye mkeka pembeni ya mzee. Mbele yao kulikuwa na chungu kidogo cha makaa na kisahani cha unga wa ubani. Mzee alichukua unga kwa ncha za vidole, akauinua mpaka kwenye paji la uso, akaudondosha kwenye makaa. Mwalimu akafanya vile vile. Moshi ukapanda. Akaunganisha viganja, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akakaa hivyo kwa muda mrefu.

Nikapiga picha. Nikapiga nyingine. Nikavuta karibu mpaka vidole vyake vikaonekana, nikapiga tena.

Sitasema kwamba sikuelewa alichokuwa anafanya. Nilielewa kuliko mtu yeyote aliyekuwa Kyoto siku ile. Alikuwa anamfariji mzee aliyefiwa, na alimfariji vizuri. Mzee alikuwa anafuta machozi. Na ndiyo sababu nilifurahi vile. Kama angekuwa anafanya upuuzi, ningekuwa nimepata kichekesho tu. Hapa nilikuwa nimempata akiwa mahali pale pale niliposimama mimi.

Alipotoka akaniona nimesimama, simu mkononi. Alivaa viatu, kulia kwenye kushoto, akavivua, akavivaa tena.

Jioni ile tulipokula, alinipakulia tambi mwenyewe. Miaka yote aliniita kijana. "Mwanangu, umeshiba?" akaniuliza sasa. Nikasema nimeshiba. Niliweka simu mezani, kioo juu, karibu na bakuli langu. Kila ilipowaka macho yake yaliruka. Ilikuwa inaniletea ratiba ya shifti za ghalani. Sikuifunika.

Jumapili asubuhi tulifanya ibada katika chumba cha hoteli. Mwalimu aliongoza, akachagua wimbo mfupi. Kisha mzee akatupeleka kwenye bustani moja isiyo na ua hata moja: mawe machache tu, na kokoto nyeupe zilizochanwa mistari kwa reki. Watu hukaa kwenye kibaraza cha mbao wakizitazama bila kusema. Mwalimu akaja akakaa kando yangu. Soksi yake ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba.

"Ile picha ya jana ilitoka vizuri?" akanong'ona.

"Vizuri sana, Mwalimu. Hata moshi unaonekana."

Akaikunja soksi kuficha tundu. "Unajua ile haikuwa ibada. Ni mzee wa watu, amefiwa na mke wake."

"Najua."

"Sasa?"

"Na wewe ulijua," nikasema.

Mwanamke mmoja wa Kijapani alitugeukia kidogo, tukanyamaza mpaka akatazama mbele. Halafu mwalimu akasogea karibu zaidi. "Tukifika Sydney shika gitaa lako. Nitazungumza na wazee. Mpwa wangu atahamia besi. Mambo yataishia hapa hapa, mimi na wewe."

Nilikuwa nimelitamani gitaa lile kwa miezi. Vidole vyangu vilikuwa vinalipiga juu ya meza, juu ya maboksi, juu ya mlango wa treni. Lakini moyoni nilimwona mama akivua viatu mlangoni kule Doonside.

"Sitaki kupewa kwa mlango wa nyuma," nikasema. "Simama mbele ya kanisa. Sema ulichofanya Kyoto, useme na nilichofanya mimi, na kwamba nilikueleza. Usiposimama, picha itaingia kwenye kundi la kanisa la simu kabla sadaka haijatolewa."

"Kijana, nilidhani una haya."

"Ninazo. Ndiyo maana nataka useme wewe."

Akakaa akitazama kokoto. Mimi nilikuwa sijawahi kumwambia mtu mzima maneno mengi namna ile, na nilipenda jinsi yalivyotoka.

Jumapili iliyofuata, kule Guildford, alisimama wakati wa ushuhuda. Nilikuwa nimekaa na mama. Mwalimu alivaa suti ya kijivu, akashika kipaza sauti, akaanza. Lazima niseme ukweli, anajua kusema. Alieleza mji wa zamani, mahekalu, machozi ya yule mzee. Alisema aliingia ndani akafukiza ubani kwa ajili ya marehemu, kwa sababu upendo hauchagui mlango. Watu wakasema amina. Mama mmoja akajifuta macho. Mchungaji akasimama akasema Mungu hutazama moyo, na hakuna kosa katika kumfariji aliyefiwa. Mwalimu akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, akaanza kurudi kwenye kiti chake. Habari zangu hakuzigusa.

Niliona naibiwa mara ya pili, tena mbele ya macho yangu. Nikasimama. Mama akanishika shati kwa nyuma, kisha akaliachia.

"Mchungaji, naomba neno."

Ukumbi mzima ukageuka. Sijui kama kuna mtu pale aliyekuwa amewahi kuisikia sauti yangu.

"Kama hilo si kosa," nikasema, "mimi niliadhibiwa kwa nini?"

Nikangoja maneno mengine yafike, na safari hii watu walingoja pamoja nami. "Nilikwenda kwenye mazishi ya mke wa mwenzangu kazini. Nilimweleza Mwalimu kwa simu kabla hajaniita hapa mbele. Alinipa pole."

Mchungaji akamgeukia. "Mwalimu, ni kweli? Ulijua ni mazishi?"

Mwalimu akasema mambo yalikuwa mengi wakati ule. Akasema hakukumbuka vizuri. Mama wa sauti ya kwanza akasema kwa sauti ya kutosha, "Ah, Mwalimu. Kengele uliikumbuka mpaka nota yake."

Watu walicheka, na kicheko kile kilimmaliza kuliko picha ambayo ingetumwa. Akasema, "Ndiyo. Nilijua."

Wazee walikwenda chumba cha pili, wakarudi. Mchungaji akaniambia nimesamehewa. Nikamwambia sina cha kusamehewa. Akatazama sakafu, akasema, "Kweli. Basi rudi kwenye gitaa lako."

"Nitarudi," nikasema. "Lakini na yeye akae nje ya kwaya kwa muda ule ule niliokaa mimi."

Mzee mmoja akasema hiyo si roho ya Kikristo. Nikamwambia hiyo ndiyo roho mliyonionyesha mimi. Wakanong'onezana tena, na wakakubali, kwa sababu hawakuwa na namna ya kukataa.

Watu wengi wameniambia nimpe mkono yakaisha. Nimempa mkono. Mengine sijampa, na sioni dalili kwamba nitampa. Video ya harusi iko kwenye simu ya dada yangu, na ndani yake solo itaendelea kukosea siku zote, na yeye ataendelea kugeuka kunitafuta. Hilo hakuna mzee wa kanisa anayeweza kulirudisha.

Jumapili ya kwanza niliporudi tuliimba wimbo wa kuingilia. Mpwa wake alikuwa kwenye besi, na besi anaiweza. Mwalimu alikaa katikati ya watu na mke wake. Mkono wake ulikuwa gotini, unahesabu mdundo bila yeye kujua, akituvuta twende polepole kama alivyozoea, na waimbaji kadhaa walikuwa wanautazama ule mkono badala ya kunisikiliza.

Nikamtazama machoni, nikaongeza kasi.